Ngoma za Watemi wa Usukuma

Ngoma unazoziona hapa kwenye makumbusho ya Bujora hazikuwa za kuchezea tu, zilibeba utawala. Wazee walioitwa banang'oma ndio waliomchagua mtemi, yaani chifu. Alitarajiwa kuleta mvua, na ukame ukizidi aliweza kuondolewa. Usukuma haukuwa na mfalme mmoja, bali tawala nyingi, kubwa na ndogo.

Wajerumani, kisha Waingereza, waliwatumia watemi kukusanya kodi. Tunaona anguko la utemi lilianzia hapo: mtemi aliyelindwa na boma la wakoloni hakuwategemea tena wazee wake. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga nguvu mpya katika vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utemi kisheria.

Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya urithi huu wa Wasukuma usipotee. Jengo la watemi limeumbwa kama kiti chao cha enzi. Wakati wa sikukuu ya Bulabo, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma katika uwanja huu.