Chumvi ilipokuwa mali: kwa nini figo zako bado zinaibania

Leo ukiingia duka lolote la Mpanda, pakiti ya chumvi ni kati ya vitu vya bei rahisi kabisa. Ikiisha, unamtuma mtoto. Sasa hebu rudi nyuma miaka 200 hivi. Ungeipata wapi?

Katavi iko katikati ya sehemu mbili za kale za chumvi. Kaskazini kuna chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi. Kusini, ng'ambo ya Ziwa Rukwa, kuna Ivuna. Wanaakiolojia waliochimba Uvinza miaka ya 1960 waligundua kuwa watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi pale tangu miaka 1,500 hivi iliyopita. Kazi ilifanyika kiangazi, maana mvua huyazimua maji ya chemchemi. Unakata kuni, unachemsha kwenye vyungu mpaka maji yakauke, halafu unabeba mzigo kwa siku nyingi. Chumvi ilikuwa mali hasa, na watemi wa Uvinza waliitoza ushuru.

Basi mtu aliyelima juani na kula chumvi kiduchu aliishije? Alisaidiwa na homoni.

Chumvi na maji vikipungua mwilini, presha hushuka. Figo hugundua na kumwaga kimeng'enya kiitwacho renini. Hiki huanzisha mlolongo unaozalisha homoni ya anjiotensini, ambayo hubana mishipa ya damu na kuziamsha tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni. Aldosteroni huziambia figo: chumvi hiyo msiimwage na mkojo, irudisheni kwenye damu. Homoni nyingine, vasopresini kutoka kwenye ubongo, huzuia maji. Presha hupanda, mtu anaendelea kulima.

Sayansi ilichelewa kuyajua haya. Renini iligunduliwa Stockholm mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman, walipochoma sungura sindano ya maji ya figo za sungura mwingine, presha ikapanda. Aldosteroni ilipatikana mwaka 1953 tu.

Je, chumvi ikizidi? Breki zipo. Renini hupungua, na moyo wenyewe hutoa homoni inayoziambia figo zimwage chumvi. Lakini kwa watu wengi breki hizi hazitoshi, na figo huhitaji presha kubwa zaidi ili ziitoe yote.

Ushahidi wa karibu nasi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha zao zilianza kupanda ndani ya mwezi wa kwanza tu, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi ukilinganisha na potasiamu. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni maisha na chakula.

Kwa hiyo usiseme presha ni ugonjwa wa wazee au wa matajiri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya dukani. Na kama bibi yako anatumia losartani, sasa unajua kazi yake: inaizuia anjiotensini isifanye kazi. Asiiache kwa sababu tu "leo najisikia vizuri". Presha hupanda kimyakimya, kwa hiyo na wewe kapime.