Mabanda ya Monticello

Leo tutasoma habari za nyumba moja ya Marekani, na hasa habari za mabanda yaliyokuwa kando yake.

Nyumba hiyo huitwa Monticello, nayo iko juu ya kilima katika Virginia. Mwenyewe alikuwa Thomas Jefferson, yule aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hata hivyo, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Karibu na nyumba ilipita njia iliyopandwa miforosadi. Mwaka 1796 Jefferson aliandika orodha ya majengo 17 ya njia hiyo, kwa ajili ya bima. Palikuwa na karakana ya kufulia misumari, walimofanya kazi wavulana wa miaka 10 hadi 16. Palikuwa na nyumba za watumwa, za mbao, zenye sakafu ya udongo, futi 12 kwa 14. Orodha ilitaja vipimo. Haikueleza maisha ya waliokaa ndani.

Jefferson alikufa mwaka 1826. Mwaka uliofuata watumwa 130 walitangazwa kuuzwa mnadani. Baadaye mabanda mengi yakatoweka.

Wataalamu wa mambo ya kale walichimba hapo mwaka 1957, kisha kwa utaratibu zaidi kuanzia 1979. Walichimba tabaka baada ya tabaka, wakachekecha udongo, wakaandika kila kitu kilionekana wapi. Walipata misumari, vifungo, mifupa ya wanyama na vigae vya sahani.

Walipata pia mashimo chini ya sakafu, watu walimoweka vitu vyao. Angalieni jambo hili: nyumba za kwanza zilikuwa na mashimo kadhaa, lakini zile ndogo zilizojengwa mwaka 1793 zilikuwa na shimo moja au hazikuwa nalo. Kwa nini? Wako wataalamu wasemao kwamba kwanza watu wasio ndugu walilazwa pamoja, kila mmoja akahifadhi chake. Baadaye jamaa walikaa pamoja, wakaaminiana.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta kigae kwenye gofu la zamani, usikiondoe. Mahali kilipolala ni nusu ya habari yake.

Maswali:
1. Orodha ya mwaka 1796 ilieleza nini?
2. Mashimo yalieleza nini zaidi?
3. Katika kijiji chenu, wapi palikuwa na nyumba za zamani? Waulizeni wazee, mkaandike majibu yao.