Kimeo Hakina Kosa

Huku kwetu Makorora, kama kwingi nchini, mtoto akikohoa na kutapika mfululizo, wazee walisema kimeo kimerefuka, kikatwe. Akaitwa fundi na kisu chake. Kumbe kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi si kinachomziba mtoto pumzi. Aliyekatwa aliweza kuvuja damu nyingi au kupata pepopunda, na ugonjwa wenyewe, pengine nimonia, ukabaki palepale kifuani.

Tusicheke wazee wetu peke yao. Huko Ulaya dondakoo lilitanda utando kooni na kuwanyonga watoto mbele ya matabibu wao. Mwaka 1825 daktari Bretonneau wa Ufaransa, baada ya kushindwa kabla yake, alimtoboa msichana mmoja koo kwa mbele, akapona. Miaka ya 1880 O'Dwyer wa New York akabuni mrija wa kupitishwa kinywani bila kisu. Mwaka 1890 Behring na Kitasato wakatangaza dawa ya kuua sumu ya ugonjwa huo. Nasi tukaanza mpango wa chanjo mwaka 1975, na dondakoo likawa hadithi kwa kina mama wengi.

Lakini kosa moja lingalipo. Mtoto anakoroma akivuta pumzi, udenda unamtoka, naye analazwa chali kwa nguvu huku jirani akimchokoa koo kwa kijiko! Kijiko hicho chaweza kufunga upenyo mdogo uliobaki. Mwacheni akae wima mapajani mwa mamaye, asilizwe, apelekwe Bombo upesi.