Kummeza Daktari

Tarehe 29 Desemba 1959 mwanafizikia Richard Feynman alihutubia wenzake katika chuo cha Caltech, California. Aliwaambia kuwa iko siku binadamu ataunda vitu kwa kupanga atomu moja moja. Humo akataja wazo la rafiki yake Albert Hibbs: mgonjwa angeweza kummeza daktari wa upasuaji! Yaani kimashine kidogo mno kiingie katika mishipa ya damu, kifike moyoni, kitafute valvu mbovu na kuikata.

Mwaka 1974 Mjapani Norio Taniguchi aliipa fani hiyo jina la nanoteknolojia. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mwaka 1986 Eric Drexler akatoa kitabu kilichotabiri vimashine vya kukarabati seli na kuahirisha uzee. Mimi nilikisoma miaka ya 1990 nikiwa mwanafunzi wa uhandisi huku ughaibuni, nikaamini kizazi chetu kitaishi sana.

Vimashine hivyo havijaja. Vilivyokuja ni vifuko vya mafuta. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko vya nanomita 100 hivi, ili isiudhuru sana moyo. Feynman mwenyewe alikwisha kufariki kwa saratani mwaka 1988, akiwa na miaka 69.

Mwishoni mwa 2020 chembe za mafuta za ukubwa huohuo zikabeba chanjo za mRNA za Uviko-19. Moja kati ya chanjo hizo ilihitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Mimi nilichanjwa huku mapema mwaka 2021. Tanzania ilizindua chanjo tarehe 28 Julai mwaka huo, tena kwa kuanza na chanjo ya aina nyingine. Miezi yote hiyo nilimpigia mama simu Tanga kila jioni, nikisikiliza kwanza pumzi zake, kisha maneno yake.

Basi wahandisi wenzangu tulio nje, tunapobishana kama binadamu atafika miaka 150, tukumbuke kuwa umri nao husafirishwa. Unahitaji jokofu, umeme usiokatika na barabara inayopitika masika. Kazi hiyo tunaiweza tangu sasa, na wazee wetu hawana muda wa kumngoja daktari wa kumeza.