Jozi 18 za Bermuda

Tarehe 28 Januari 1951, watu wachache walitua kwa mashua kwenye mwamba mmoja karibu na Castle Harbour, Bermuda. Miongoni mwao alikuwamo Robert Cushman Murphy, mtaalamu wa ndege wa baharini kutoka New York, na Louis S. Mowbray, mwenyeji wa visiwa hivyo. Walikuwa na mwanafunzi wa miaka 15, David Wingate. Walimulika ndani ya ufa wa jiwe, wakaona ndege ameatamia. Wakamtoa kwa fimbo ndefu yenye kitanzi. Alikuwa kahau, ndege aliyeaminika kutoweka tangu miaka ya 1620.

Kahau ni petreli, jamii ya karibu ya albatrosi. Maisha yake ni bahari kuu ya Atlantiki, anakokula ngisi na samaki wadogo, na chumvi ya maji anayokunywa huitoa kupitia mirija iliyo juu ya mdomo wake. Nchi kavu huijia kwa ajili ya kuzaa tu, tena usiku, na usiku wa giza zaidi ndio aupendao. Hutaga yai moja kwa mwaka. Ndege wa namna hiyo akichinjwa kwa wingi, hana njia ya haraka ya kujazia pengo.

Na alichinjwa kwelikweli. Mabaharia wa Kihispania wa karne ya 16 waliogopa kelele zake za usiku, wakaviita visiwa hivyo vya mashetani. Hata hivyo waliacha nguruwe huko, nao wakafukua viota vilivyochimbwa udongoni. Mwaka 1609 meli ya Kiingereza, Sea Venture, iliyokuwa ikielekea Virginia, ilikwama kwenye matumbawe. Abiria wake waligundua kwamba wakipiga makelele gizani, ndege huwajia na kuwatua mwilini, wao wakibaki na kazi ya kuchagua wanene. Baadaye wakaja walowezi, panya na njaa. Mwaka 1616 Gavana Daniel Tucker alitoa amri ya kuwalinda kahau, mojawapo ya amri za kwanza za kulinda wanyama katika makoloni ya Waingereza. Ilikuja wakati karibu kila kitu kimekwisha kuliwa.

Dalili kwamba hawakuisha zilijitokeza mapema. Mmoja alipatikana mwaka 1906, na mwingine akagonga mnara wa taa wa St. David's mwaka 1935. Lakini makazi yao hayakujulikana mpaka siku ile ya Januari. Hesabu iliyofuata ilipata jozi 18 tu, kwenye visiwa vya mawe ambavyo vyote kwa pamoja havizidi sana hekta moja. Panya hawakuwa wamefika huko, wala binadamu hakuwa na haja navyo.

Kasoro yake ni kwamba mawe hayo hayana udongo wa kuchimba. Kahau walilazimika kuzalia kwenye nyufa, na nyufa hizo zilitafutwa pia na ndege mwingine wa baharini mwenye mkia mrefu mweupe. Huyo hufika mwezi Machi, kinda la kahau likiwa bado dogo, akaliua na kutwaa kiota. Dawa ilikuwa ubao: mlangoni pa kila kiota uliwekwa ubao wenye tundu lililopimwa, kahau apite, mpinzani wake mwenye kifua kipana azuiwe. Wingate, aliyekwisha kuwa mtu mzima, alijenga na mashimo ya saruji. Mwaka 1962 alihamia kisiwa cha Nonsuch na familia yake. Wadudu walikuwa wameua karibu mierezi yote, akaanza kupanda upya miti ya asili, maelfu ya miche, akiwaandalia udongo ndege ambao hawakuwa wamefika bado. Imani ya aina hiyo ni adimu.

Hatari nyingine ilitoka mbali. Mwaka 1968 Wingate na Charles Wurster walionyesha katika jarida la Science kwamba mayai na makinda yalikuwa na DDT, sumu ya wadudu wa mashambani, ingawa ndege hawa hula katikati ya bahari. Uzazi ulikuwa ukipungua kwa asilimia 3.25 kila mwaka. Kwa mwendo huo ungefikia sifuri mwaka 1978. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, na makinda yakaanza kuongezeka tena.

Kimbunga Fabian cha mwaka 2003 kilibomoa viota vingi miambani, ikawa wazi kwamba mawe hayo hayatoshi. Kati ya 2004 na 2008 Jeremy Madeiros, mrithi wa kazi ya Wingate, alihamishia Nonsuch makinda zaidi ya 100, akiyalisha kwa mkono ngisi na samaki. Petreli hurudi kuzaa pale aliporukia mara ya kwanza, hivyo makinda yalihamishwa kabla ya kutoka nje na kuziona nyota. Mwaka 2009 kinda la kwanza lililoanguliwa Nonsuch liliruka kutoka huko, baada ya karne karibu nne. Leo Bermuda ina jozi zaidi ya 150, na baadhi yao wanazalia chini ya mierezi ya Wingate.