Nani Kaichomoa Kadi?

Dakika ya 63, picha ikazimika.

Usiseme umeme. Balbu ilikuwa inawaka na feni inazunguka. Runinga nayo ilikuwa inawaka, ila kioo kilikuwa cheusi tii, na katikati yake kulikuwa na maandishi madogo: weka kadi.

Weka kadi? Kwani kadi si ilikuwamo?

Msomaji wangu, kaa vizuri. Tuko Lusahunga, wilayani Biharamulo, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapolala kabla ya kukamata njia ya Rusumo au Kabanga. Tumo ndani ya kibanda umiza cha mabati. Watu 140 wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja kalipa jero. Naijua idadi yao kwa sababu mimi ndiye niliyeshika daftari la kiingilio mlangoni.

Kagera Sugar wako nyumbani, Kaitaba. Mpira umetengwa kwenye kona, mpigaji kainua mkono.

Kona ile hadi leo hatujaiona ikipigwa.

Kelele zilizofuata nakuachia uzisikie mwenyewe. Dereva mmoja wa lori alisimama juu ya benchi akidai jero yake. Bwana Banda, mwenye kibanda, akapenya hadi nyuma ya runinga. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyeona kaburi lake.

"Hayupo," akasema.

Nani hayupo?

Shemeji yake. Bwana Dishi.

Na kadi ya king'amuzi haipo.

Sasa hawa wawili ni nani? Majina yao tuyaache, tuwaite kwa mali zao. Bwana Banda ni Msubi wa hapahapa Biharamulo. Kiwanja chake, mabati yake, mabenchi yake. Bwana Dishi ni Mhangaza wa Rulenge, wilaya ya Ngara. Dishi lake, king'amuzi chake, na kifurushi cha kila mwezi hulipa yeye. Bwana Banda kamuoa dada yake Bwana Dishi.

Huyo dada mshike vizuri kichwani. Usimwache. Nitakuja kumwita.

Miaka mitatu iliyopita waliandikiana kwenye ukurasa wa daftari la shule. Mistari miwili tu. Mapato ya mechi zote za Ligi Kuu, nusu kwa nusu. Mapato mengine yote ni ya mwenye banda.

Nani angeota siku ile kwamba Kagera Sugar watashuka?

Wanankurukumbi, timu ya mkoa, iliyokaa Ligi Kuu miaka mingi hadi watoto wakaoa wakiiona hukohuko! Msimu wa 2024/25 wakashuka pamoja na KenGold. Wakaenda Championship, ile ambayo wazee bado wanaiita Daraja la Kwanza.

Huko juu kushuka kunauma kwa mabilioni. Mei 25, 2021, TFF na Azam walisaini mkataba wa matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na bingwa wa Ligi Kuu akatengewa shilingi milioni 500. Championship haina donge la ukubwa huo. Hilo ni la viongozi wa klabu, wao wanajua wanavyolala.

Lakini huku chini, Lusahunga, likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Banda likajaa zaidi.

Kidonda kina mvuto wake, ndugu yangu. Watu ambao zamani walikuja kwa ajili ya Simba na Yanga tu, sasa mechi ya Kagera Sugar ikioneshwa wanafika mapema kuwahi benchi la mbele. Kutoka hapa hadi Bukoba unapita Biharamulo, unapita Muleba, nauli inakula mfuko. Kwa hiyo Kaitaba yetu ni hilo banda.

Watu 140 kwa jero ni shilingi 70,000. Nusu yake ni 35,000.

Wakati wa mapumziko nilimsikia Bwana Dishi akiuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Shemeji, leo tunagawana?"

"Tunagawana nini, shemeji? Leo si Ligi Kuu. Soma mkataba."

Hakujibu. Akarudi nyuma ya runinga, akakaa. Dakika 18 za kipindi cha pili alikaa pale akifikiri.

Undugu unavunjika kwa 35,000? Usijibu haraka. Mwezi ule kifurushi kalipa nani? Na umeme kalipa nani? Mimi, kama unataka kauli yangu, nasema Bwana Dishi alikuwa na haki ya fedha. Haki ya kadi hakuwa nayo, kwa sababu watu 140 walikuwa wamelipa na hawakuhusika na ugomvi wake.

Lakini nani wa kumwambia? Wakati sisi tunatafutana, yeye alikuwa ameshapanda mchomoko, kadi ndani ya soksi, Nyakahura inabaki nyuma, anaitafuta Benaco.

Usiku ule Bwana Banda alirudisha jero moja moja hadi mkoba ukabaki mtupu. Shilingi 70,000 za ugomvi hazikuwapo tena, na ugomvi ndio kwanza unaanza.

Akaapa mbele yangu: "Kesho namrudisha dada yake kwao."

Je, alimrudisha?

Jumapili asubuhi tulikwenda kwa Mwalimu Mstaafu. Huyu ndiye aliyeuandika ule mkataba kwa mkono wake, na ni msomaji wa magazeti hadi yale yanayofungiwa vitumbua. Alimsikiliza Bwana Banda hadi mwisho, akamimina chai, akasema, "Wewe unadhani umeshinda kwa sababu ya neno Ligi Kuu?"

"Limeandikwa, Mwalimu."

"Hata Kenya liliandikwa."

Akatusimulia. SuperSport walikuwa wanaonesha Ligi Kuu ya Kenya, na hesabu yao ilikuwa ya timu 16. Mwaka 2017, baada ya mvutano mrefu kati ya shirikisho na waendeshaji wa ligi, timu zikawa 18. Nakumatt na Zoo ya Kericho wakapanda kutoka ligi ya chini. Furaha iliyoje Kericho! Mlango umefunguka, na runinga iko ndani.

"Ikawaje?" Bwana Banda akauliza.

Mwalimu akanywa chai kwanza. Taratibu. Mtu mgumu huyu.

"Aprili, SuperSport wakajitoa. Walisema tulikubaliana timu 16. Wale waliopanda waliingia sebuleni, wakakuta runinga imeshabebwa."

Nikamwona Bwana Banda akiguna. Hadithi ile ilikuwa inampa haki, au ilikuwa inamtisha?

"Sasa sikiliza ya Uingereza," Mwalimu akaendelea. "Mwaka 2000, klabu 72 za madaraja yaliyo chini ya Ligi Kuu yao zilikubaliana na kampuni ya runinga iliyokuja kuitwa ITV Digital. Pauni milioni 315 kwa miaka mitatu. Klabu zikasajili, zikapandisha mishahara. Watazamaji hawakutosha. Mwanzoni mwa 2002 kampuni ikaomba ipunguziwe. Klabu zikakataa. Machi kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa madeni. Mei matangazo yakazimwa."

"Kama sisi jana," nikasema.

"Kama nyinyi jana. Lakini klabu hazikuogopa. Kampuni ile ilikuwa na wazazi wawili matajiri, Carlton na Granada. Zikaenda mahakamani London kuwadai wazazi. Agosti 1, 2002, jaji akauliza swali moja tu."

Swali gani? Msomaji, nilikuwa nimeshika kikombe na chai imepoa mkononi.

"Akauliza: iko wapi dhamana iliyosainiwa na wazazi?"

"Ikawa wapi?"

"Haikuwapo. Kwenye maombi ya zabuni dhamana ilitajwa. Kwenye mkataba hakuna aliyetia saini ya dhamana. Klabu zikashindwa. Wakawageuzia kibao mawakili wao, wakidai mamilioni. Mwaka 2006 mahakama ikawapa fidia."

"Kiasi gani?"

"Pauni nne."

"Milioni nne?"

"Nne. Moja, mbili, tatu, nne."

Klabu kama Bradford City wakati huo zilishapita mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Mwalimu alikiweka kikombe chini, akamtazama Bwana Banda machoni.

"Nakala yako ya mkataba umewahi kuigeuza nyuma?"

Kimya.

"Nenda. Ijumaa jioni niitieni Bwana Dishi, aje na kadi. Na mkeo awepo. Asipokuwepo yeye, mimi siji."

Umemkumbuka yule dada? Si nilikwambia usimwache?

Ijumaa tukawa watano sebuleni kwa Bwana Banda. Mwalimu, mashemeji wawili wasiotazamana, Dada, na mimi. Jumamosi saa kumi jioni Kagera Sugar wangecheza tena, na madereva wa malori walishaanza kuuliza tangu mchana. Bwana Dishi akaitoa kadi mfukoni, akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Nusu yangu kwanza."

"Nusu ya nini? Fedha nilirudisha zote!"

"Nyamazeni," akasema Mwalimu. Akafungua bahasha, akatoa nakala yake, akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na mistari minne. Chini yake hapakuwa na saini. Palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa buluu.

Bwana Dishi akaiachia kadi ili ashike karatasi. Akasoma, midomo ikimcheza. Akamtazama dada yake.

"Fedha za king'amuzi uliniletea wewe, ukasema umeuza kahawa."

Dada hakuinua uso. "Sikuwa na kahawa, kaka. Nilikopa kikoba."

Mkopo! Dishi, king'amuzi na ile runinga kubwa, vyote vilitoka kwenye kikoba cha akina mama, na miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akipeleka marejesho kimyakimya, ya mboga, ya maandazi, ya chochote. Wanaume wawili walikuwa wanagombea mapato ya mali ambayo mwenyewe hakuwa na mstari hata mmoja upande wa mbele wa karatasi.

"Na dhamana?" Bwana Banda akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Uliweka dhamana gani?"

Mwalimu akamsomea mstari wa nne.

Banda. Mabati, mabenchi, na kila kilichomo.

"Miezi mitatu hii sijapeleka," Dada akasema. "Tangu mlipoanza kununiana, hakuna aliyeniachia hata mia. Walinipa hadi kesho saa nne asubuhi."

Saa nne asubuhi. Mechi saa kumi jioni.

Hapo ndipo mlango uligongwa.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Sauti za wanawake. Si mmoja, si wawili. Wamekuja leo? Si walisema kesho? Sote tukageuza shingo kuelekea mlangoni, hata Mwalimu, na Bwana Banda akasimama nusu, akakaa tena.

Tulipogeuka, karatasi ilikuwa palepale. Vikombe palepale.

Kadi haikuwapo mezani.

Tulikuwa watano, na hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti.

ITAENDELEA WIKIENDI IJAYO