Kutoka Begani hadi Keriani: Historia ya Pikipiki za Mizigo za Kolwezi

Historia ya uchukuzi katika ukanda wa shaba wa Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huandikwa kwa kawaida kama historia ya reli na malori makubwa ya migodini. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila huanzia mahali ambapo mzigo umekwisha kufika barabarani. Kipande kinachotangulia, yaani safari ya kutoka shimoni, shambani au kijijini kupitia vijia vya porini, kimebebwa kwa zamu na mabega ya wapagazi, baiskeli na hatimaye pikipiki ndogo zilizobadilishwa na mafundi wa mitaani, na kila chombo kimerithi mizigo na mbinu za kile kilichokitangulia.

Kabla ya ukoloni, Wasanga na baadaye Wayeke waliyeyusha malakiti, ambayo ni mawe ya kijani yenye shaba, na kumimina shaba hiyo katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama mali ya kubadilishana mbali sana na machimbo yake. Msiri, mtu mwenye asili ya Unyamwezi aliyejenga dola ya Garenganze na makao yake Bunkeya, alifanya biashara ya shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa na pwani zote mbili, upande wa Benguela na upande wa Bagamoyo na Zanzibar, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Shehena zote hizo zilitembea kwa miguu ya binadamu. Mbung'o, anayeeneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe, farasi na punda, aliufunga msitu wa miombo kwa wanyama wa kukokota, kwa hiyo eneo hili halikupata zama za mkokoteni wa maksai kama zilivyopatikana kusini mwa Afrika, na mzigo uliruka moja kwa moja kutoka begani kwenda kwenye magurudumu mawili. Ukweli huu wa kimaumbile unaeleza mengi zaidi kuhusu pikipiki ya leo kuliko tangazo lolote la kiwanda.

Reli ilifika Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1931 ikaunganishwa na ile ya Benguela kupitia Dilolo. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1906. Treni, hata hivyo, ilihudumia mgodi, wala haikumhudumia mkulima wa mihogo au mchoma makaa. Pengo hilo lilizibwa na baiskeli, ambayo wasemaji wa Kiswahili wa Katanga huiita kinga, na ambayo mfanyakazi wa mgodini aliweza kuinunua kwa akiba ya mshahara. Baiskeli hiyo ya chuma haikukusudiwa kubeba magunia ya makaa, na hapo ndipo ufundi ulipoanza: keria ya kiwanda iling'olewa ikawekwa ya nondo, uma wa mbele ukaongezewa vyuma, na mwenye mzigo akajifunza kuisukuma akitembea kwa miguu badala ya kuipanda.

Wakati huohuo, kwingineko duniani, pikipiki ya kupita njia zote ilikuwa ikizaliwa kwa sababu tofauti kabisa. Yamaha ilitoa DT-1 mwaka 1968, pikipiki yenye ruhusa ya kutembea barabarani na yenye uwezo wa kuingia porini, na XT500 ya kampuni hiyohiyo ndiyo aliyoipanda Cyril Neveu aliposhinda mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar, yaliyoanza tarehe 26 Desemba 1978. Kutokana na mashindano hayo kulikua desturi ya wasafiri wa Ulaya na Marekani kubadilisha pikipiki zao kwa safari za nyikani: tangi kubwa la mafuta, bamba la kukinga tumbo la injini, springi ndefu, masanduku ya pembeni. Afrika ilizijua zaidi pikipiki za aina nyingine. Yamaha AG100, iliyobuniwa kwa wafugaji wa Australia ikiwa na keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa, ilitumiwa sana na misheni na watumishi wa afya wa vijijini. Na Honda CG125 ya mwaka 1976 ilitengenezwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa sana na kuhudumiwa kidogo. Injini yake hufungua vali kwa vijiti vya kusukuma badala ya cheni ndefu ya ndani, na hivyo hustahimili oili iliyochakaa. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na nakala zake, pamoja na pikipiki za India kama TVS na Bajaj Boxer, ndizo zilizoijaza Kongo katika miongo ya karibuni.

Kilichozivuta pikipiki hizo hadi kwenye mashimo ya Kolwezi kilikuwa anguko la kampuni. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali za Union Minière baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, ilizalisha tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ukaporomoka mwezi Septemba 1990, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilipokatika, watu waligeukia ardhi iliyo chini ya miguu yao, na Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ikautambua uchimbaji wa mikono katika maeneo yaliyotengwa. Mwaka 2014 heterogeniti, jiwe jeusi lenye kobalti, liligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba hadi sebuleni. Jiwe lililotolewa hivyo halina treni wala lori lake. Hutiwa magunia, hupakiwa juu ya baiskeli au pikipiki, na kupelekwa kwa wanunuzi wa Musompo, soko la madini lililo nje kidogo ya mji.

Magunia hayo ndiyo yanayotoa masharti ya ufundi. Jiwe ni zito kuliko makaa au mahindi kwa ujazo uleule, na gunia moja dogo hutosha kuzikandamiza shokapu, yaani springi zenye oili zinazopokea mtikisiko, hadi mwisho wake. Fundi hufunga vipande vya mpira wa tyubu kuzizunguka au huongeza springi ya pili. Keria hutengenezwa upya kwa nondo au chuma cha pembe na kuchomelewa kwenye fremu, na mkono unaoshika gurudumu la nyuma hubandikwa bapa la chuma kila upande. Sproketi ya nyuma, gurudumu lenye meno linalovutwa na cheni, hubadilishwa kwa kubwa zaidi ili pikipiki ipoteze mwendo na kupata nguvu ya kupanda kilima. Rimu za spoki hupendelewa kuliko za kumiminwa, kwa kuwa spoki iliyovunjika hubadilishwa peke yake kando ya njia, ilhali rimu ya kumiminwa ikipasuka ndiyo mwisho wa safari. Mbele huwekwa bampa, ambalo hukinga injini na mguu wa dereva pikipiki inapolala kwenye tope.

Ukilinganisha kazi hii na ya msafiri wa nyikani, utaona kwamba mantiki imepinduliwa. Msafiri hulainisha mwendo wa springi. Fundi wa Kolwezi huongeza chuma na kuzifanya springi ziwe ngumu, kwa sababu anayelindwa ni mzigo, si mgongo wa aliyekaa. Gharama yake ni kwamba kila sehemu inayoimarishwa huhamishia mkazo kwenye sehemu inayofuata: keria isipokatika, fremu hupasuka chini ya siti; fremu ikichomelewa, beringi na spoki huanza kulia. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hunyanyuka kwenye mpando, ndiyo maana dereva hukaa karibu juu ya tangi. Injini ndogo inayopozwa kwa upepo, ikitembea polepole ikiwa imebeba mno, hupata joto na kuichosha oili haraka, na vumbi jekundu la kiangazi huzitafuna ringi za pistoni pale chujio la hewa linapoachwa bila kuoshwa. Hakuna fundi asiyeyajua haya, na si haki kuuita ufundi huo ubabaishaji. Ni hesabu ya mtu anayejua kipi ni rahisi kuvunjika na kipi ni ghali.

Barabara kuu nayo imeathiri mambo kwa namna isiyotarajiwa. Njia ya taifa inayotoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi imetiwa lami, na lami hiyo haikuiondoa pikipiki bali iliisogeza pembeni, kwenye vijia vinavyoilisha barabara. Upande wa magharibi, kuelekea Dilolo, masika yanayoanza karibu na Novemba huyakwamisha malori, na hapo pikipiki hubeba samaki wakavu, unga, dawa na abiria pamoja.

Kobalti ya wachimbaji wa mikono imekadiriwa mara nyingi kuwa kati ya asilimia 15 na 30 ya kobalti yote ya Kongo, nchi ambayo peke yake hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Sehemu kubwa ya mawe hayo hupita juu ya keria za nondo kabla ya kufika kwenye mzani wowote. Vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi vina karakana za mafundi hao karibu na milango yake, na wanahistoria wake wangefanya vyema kuwahoji mafundi walioanzia kwenye baiskeli wakati bado wapo kazini.